Boma Zinazotazama Kilimanjaro

Msafiri anayetoka Kitengela kuelekea Namanga huacha maghorofa mapya nyuma yake, akapita Kajiado mjini, kisha hukata kushoto kwenda Amboseli. Asubuhi, mawingu yakiinuka, Kilimanjaro huonekana wote, theluji kileleni, ingawa umesimama Tanzania.

Mandhari hayo yana historia chungu. Mikataba ya 1904 na 1911 iliwanyang'anya Wamaasai malisho ya Bonde la Ufa na Laikipia, wengi wakasukumwa kusini. Mwaka 1961 Amboseli ilikabidhiwa baraza la wilaya ya Kajiado. 1974 serikali ikaifanya mbuga ya taifa, takriban kilomita za mraba 392. Ndani yake mlikuwa na vinamasi vinavyolishwa na maji ya mlima, tegemeo la ng'ombe wakati wa kiangazi. Kwa Wamaasai, kuvikosa vinamasi hivyo haikuwa hasara ndogo.

Boma za kupokea wageni zikachipuka pembezoni mwa mbuga. Wajenzi wa nyumba ni wanawake: husuka fito, hukandika udongo na samadi mbichi ya ng'ombe, na mvua ikibomoa hukandika tena. Mlango ni mfupi, mtu huinama. Ndani ni giza, moshi na harufu ya maziwa. Ua wa miiba huzuia simba.

Mgeni hulipa kiingilio, hutazama vijana wakiruka, hununua shanga. Ukifika huko, msomaji, mlipe mwanamke aliyezitunga, mkononi mwake.