Karatasi za chatu

Kwenye kipindi kilichopita niliahidi kuwasimulia habari za chatu wangu. Si kama wale wa hadithi za bibi yangu, wanaomeza mbuzi kule Pemba. Huyu ni mdogo, wa Afrika Magharibi, akiogopa anajiviringa kama mpira. Wengi huuzwa nje kutoka Ghana, Togo na Benin. Mjini Ouidah, Benin, wana hekalu lao kabisa, na hawaguswi kwa ubaya.

Mwezi wa kwanza alinitesa. Ibra hewa kavu, kiyoyozi ndo kinamaliza kabisa, na yeye anataka unyevu wa asilimia 60 hivi, upande mmoja wa tangi nyuzi 32. Akajivua gamba vipandevipande, panya hataki. Bibi ndiye aliyesema, "Mwekee tambara la maji, mwanangu. Kwao si jangwa." Mara ya pili akajivua zima, kama soksi. Kula, bado.

Ila kilichomshika bibi ni karatasi. Chatu wa kuuzwa akivuka mpaka lazima awe na kibali cha CITES, na cha huyu kimeandikwa Togo. Nikamsomea. Akanyamaza. Yeye alitoka Pemba 1964, baada ya Mapinduzi, hana hata cheti cha kuzaliwa. Wakakaa Dubai mpaka Sultan Qaboos aliposhika nchi 1970 na kufungua mlango. Kule walikuwa Waarabu, huku wakawa Wazinjibari.

"Kumbe yeye," akasema, "kwao kunajulikana."

Akaniomba nimsomee tena.