Kiyoyozi Kiliundwa kwa Ajili ya Karatasi, si Macho Yako

Wasee wa Sindo, hii ni yenu. Mtu anatoka kwetu ziwani na macho safi, anapata kazi ya kompyuta Nairobi. Miezi mitatu baadaye macho ni mekundu, yanawasha kama yametiwa mchanga. Bosi akimwona anajiuliza jana alilewa wapi. Hajalewa. Ni hewa ya ofisi, na hiyo hewa ina historia.

Mwaka 1902, kiwanda kimoja cha uchapishaji huko Brooklyn, New York, kilikuwa na shida. Unyevu hewani ulifanya karatasi zitanuke na kusinyaa, rangi zikawa hazikai mahali pake. Injinia wa miaka 25, Willis Carrier, akachora mtambo wa kupitisha hewa kwenye mabomba baridi ili kudhibiti unyevu huo. Ndiyo mwanzo wa AC tunayoijua. Aliyehudumiwa hapo ni karatasi.

Kufikia 1928 jengo zima la ofisi, Milam Building kule Texas, lilikuwa na kiyoyozi. Halafu 1973 bei ya mafuta ikapanda vibaya. Ili kuokoa umeme, majengo yakazibwa na hewa ya nje ikapunguzwa. Miaka kumi baadaye, 1983, Shirika la Afya Duniani likaandika kuhusu wafanyakazi wanaougua kwa sababu ya majengo yenyewe. Macho kuwasha yalikuwa kwenye orodha.

Yale maji yanayodondoka kutoka bomba la AC nje ya ukuta, huo ni unyevu uliotolewa kwenye hewa unayokalia. Ongeza skrini: kwa kawaida tunapepesa macho mara 15 hivi kwa dakika, lakini ukikodolea kompyuta inashuka hadi kama nusu. Machozi yanakauka kabla hujapepesa tena.

Sisemi ziwani hakuna shida. Mama anayekausha samaki kwa moshi anajua macho kuwasha ni nini. Lakini moshi unaonekana, kwa hivyo hakuna anayemlaumu yeye. Hewa ya ofisi haionekani, ndiyo maana lawama inakuangukia wewe.

So usinyamaze. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka kila chumba cha kazi kiwe na hewa safi ya kutosha inayozunguka. Kuomba dirisha lifunguliwe si kudeka.

Na wakati unangoja jibu: sogeza kiti upepo wa AC usikupige usoni. Weka skrini chini kidogo ya usawa wa macho. Kila dakika 20, tazama kitu kilicho mita 6 hivi kwa sekunde 20, na upepese macho kabisa. Yakiendelea kuuma au ukianza kuona ukungu, nenda kwa daktari wa macho, usijinunulie tu dawa yoyote ya matone kwa kemisti.

Kiwanda kilitafutia karatasi hewa inayoifaa. Mtu anayeandika juu ya hiyo karatasi anastahili angalau hivyo.