Jibondo: Kisiwa Kilichoishi kwa Chombo

Tunaposoma historia ya pwani yetu, mara nyingi twaanza na miji: Kilwa na misikiti yake, Unguja na masoko yake, Bagamoyo na misafara yake. Vijiji vya wavuvi hutajwa kwa mstari mmoja, kana kwamba wakazi wake walikuwa watazamaji tu wa mambo yaliyotendwa na wengine. Katika makala haya twapenda kukitazama kisiwa kimoja kidogo, Jibondo, kilichomo katika visiwa vya Mafia, mkabala wa delta ya mto Rufiji. Swali letu ni hili: watu waliwezaje kudumu mahali pasipo na mambo mengi ambayo mwanadamu huyahitaji, na wajukuu wao watadumuje?

Jibondo iko kusini ya kisiwa kikuu cha Mafia, jirani na Juani na Chole. Ardhi yake ni mwamba wa matumbawe wenye udongo haba na vichaka vifupi. Si nchi ya mashamba makubwa wala ya misitu. Shida kubwa kuliko zote ilikuwa maji matamu. Kwa vizazi vingi wenyeji walikinga maji ya mvua, na yalipokwisha walivuka kwenda kisiwa kikuu kuyachota, wakarudi na vyombo vyao vimesheheni maji badala ya samaki. Siku upepo ulipokataa, kijiji kilikaa na kiu huku kimezungukwa na maji pande zote.

Mgeni aonaye hali hiyo aweza kudhani kwamba watu hawa walitupwa pembeni ya dunia. Lakini maisha ya bahari ya Mafia ni ya kale. Kitabu kiitwacho Periplus, kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, chataja kisiwa cha pwani hii kwa jina la Menouthias, ambako watu walivua samaki na kasa kwa mitumbwi na kwa vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, na walitega samaki kwa vikapu. Wataalamu hawajakubaliana kama kisiwa hicho ni Pemba, Unguja au Mafia. Hata hivyo, mwanafunzi aliyepata kuliona dema likishushwa mwambani atatambua kwamba maarifa hayo hayakuletwa juzi.

Hebu tutazame pia jinsi enzi zilivyopita katika visiwa hivi. Mji wa Kua, ambao magofu yake yangalipo Juani, ulistawi katika karne ya 18, kisha ukavamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19, ukahamwa. Utawala ukakaa Chole. Wajerumani walioichukua Mafia mwaka 1890 nao walikaa Chole, kisha mwaka 1913 wakahamia Kilindoni, kwa kuwa meli zilihitaji maji yenye kina. Mwezi Januari 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza wakaiteka Mafia. Katika zamu hizo zote Jibondo haikuwa makao ya mtawala. Makao yalihama, kijiji cha wavuvi kilibaki.

Kilichokiweka hai ni chombo. Watu wa Jibondo walisifika kwa uundaji wa vyombo, kuanzia mashua hadi majahazi makubwa ya mizigo. Nasi tulizingatie ajabu la jambo hilo: kisiwa kisicho na misitu kikawa kisiwa cha mafundi seremala! Mbao ziliagizwa kutoka nje, na fundi akaleta kile ambacho hakiwezi kuagizwa, yaani ujuzi. Hakuwa na mchoro wa karatasi. Aliulaza mkuku, akasimamisha mataruma, akapigilia mbao moja baada ya moja, akitumia tezo, msumeno, keekee na jicho lake mwenyewe. Kisha ilifuata kalafati: pamba ikashindiliwa katika nyufa, na chombo kikapakwa deheni na sifa. Siku ya kukishusha majini wanakijiji walikusanyika kukivuta, kwa kuwa chombo kikubwa hakishushwi na mtu mmoja.

Uvuvi nao ulikuwa elimu kamili. Mvuvi alijua kaskazi na kusi, akajua maleleji yaliyo kati yake. Alijua bamvua na maji mafu, na ni samaki gani aendaye wapi katika kila hali. Wanaume walitoka na mishipi, nyavu na jarife, ule wavu wa matundu makubwa wa kunasia papa na taa. Wanawake walishuka mwambani wakati wa maji kupwa kutafuta pweza kwa fimbo zenye ncha. Samaki waliosalia walikaushwa au kutiwa chumvi, wakasafirishwa kuuzwa nje ya kisiwa; chombo kilichopeleka samaki kikarudi na nafaka, nguo na mbao. Basi Jibondo haikujitenga na dunia hata siku moja. Kijiji kikubwa cha bara chaweza kuishi mwaka mzima bila ya kumwona jirani. Kisiwa kidogo hakiwezi.

Lakini wazee walisema, dau la mnyonge haliendi joshi. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 20 bahari ya pwani yetu ilipata adui mpya: baruti. Mlipuko mmoja huua samaki wakubwa na wachanga pamoja, na huvunja matumbawe ambayo hukua polepole sana. Ili kuikomesha hasara hiyo na nyinginezo, Bunge lilitunga sheria ya hifadhi za bahari mwaka 1994, na mwaka 1995 Mafia ikawa hifadhi ya kwanza ya bahari katika Tanzania. Jibondo imo ndani ya mipaka yake.

Hapa ndipo ulipozuka mzozo ambao haufai kufichwa. Wavuvi wengi wa Jibondo waliona kwamba sheria zilizokusudiwa kumzuia mharibifu zimewabana wao, wasiokuwa na shamba la kukimbilia. Upande wa pili nao ulikuwa na hoja: jarife halichagui, hunasa papa, na hunasa pia kasa na nguva, viumbe ambao wakimalizika hawatarudi. Pande zote mbili zilikuwa na sehemu ya haki. Mwenye kitabu aijua hesabu ya viumbe. Mwenye bahari ayajua makazi na nyendo zao. Sheria isiyomshirikisha mvuvi hulindwa kwa doria tu, na doria haiwezi kukesha katika kila mwamba. Sheria aliyoshauriwa mvuvi huilinda yeye mwenyewe.

Riziki nyingine zimejaribiwa. Ukulima wa mwani kwa biashara, ulioanza Unguja mwaka 1989, ulienea hata Mafia, na uliwapa wanawake wengi fedha za mikononi mwao kwa mara ya kwanza. Hata hivyo bei hupangwa na mnunuzi aliye mbali, na maji ya bahari yanapozidi joto mwani huugua na kufa. Wageni wazamiaji huja Mafia kuyatazama matumbawe, lakini faida yao haikifikii kila kijiji kwa kipimo kimoja. Kwa hiyo hatuoni kwamba kuna kazi moja itakayokiokoa kisiwa. Jibondo iliishi kwa kuunganisha kazi nyingi, na yaelekea itaendelea hivyo.

Jambo linalotutia hofu zaidi ni ujuzi kukatika. Boti za faiba zinachukua nafasi ya vyombo vya mbao, nao vijana huenda mijini kutafuta kazi. Hatuwalaumu, hakuna mzazi anayemwombea mwanawe kiu na jua kali. Lakini fundi anapofariki bila mwanafunzi, haufi mkono tu. Hufa pamoja nao maneno: mkuku, taruma, omo, tezi, foromali. Hayo ni maneno ya lugha yetu sote, si ya kisiwa kimoja.

Walimu na wanafunzi mlio pwani, kazi hii yaweza kuanzia kwenu. Nendeni kwa mafundi na wavuvi wa vijiji vyenu, muwaulize jina la kila kiungo cha chombo na la kila upepo, myaandike. Nao walio bara wafanye vivyo hivyo kwa wahunzi na wafinyanzi wao. Jibondo haikupewa udongo, mbao wala maji ya kutosha, ikadumu kwa yale watu wake waliyoyajua. Wakiyapoteza hayo, hakuna ng'ambo ambako chombo chaweza kutumwa kuyachota.