Mlango Usiokuwa na Bawaba

Sikupata kuifikiria bawaba maishani mwangu mpaka asubuhi moja mlango wa kabati la jikoni uliponibakia mkononi. Nilikuwa nautafuta mkebe wa majani ya chai. Nilivuta, nikasikia mlio mdogo kama wa mfupa wa kuku unaovunjika, na ubao mzima ukanijia pamoja na skrubu mbili zilizokwisha kuliwa na kutu. Kabati lenyewe halikuwa limetimiza miaka miwili. Aliyeniuzia bawaba zile aliniapia kwamba ni chuma kisichoshika kutu, nami nilimwamini kwa kuwa ziling'aa.

Nyumba yetu iko Mji Mkongwe wa Unguja, hatua chache tu kutoka baharini. Ni nyumba ya matumbawe na chokaa tuliyoachiwa na bibi, mzaa mama. Wakaao pwani hawana haja ya kuelezwa: hewa yenyewe ina chumvi, na kila cha chuma kinachoingia ndani huanza siku hiyo hiyo kuhesabiwa umri wake.

Nikamwita fundi, mzee aliyejifunza useremala kwa baba yake. Kabati alilitazama kwa muda wa kumeza mate. Kisha akaenda kusimama mbele ya mlango mkubwa wa barazani, akaupapasa nakshi zake kama mtu anayemtambua ndugu.

Nilimweleza kwamba huo nao una kesi yake. Upande wa kulia ulikuwa umeshuka, unakwaruza kizingiti, na mama, ambaye amekwisha kupita miaka themanini, hakuweza tena kuusukuma. Siku moja nilipokuwa safarini alibaki ndani tangu adhuhuri hadi alasiri, akigonga kwa bakora mpaka jirani akamsikia. Mdogo wangu aliyeko Muscat aliposikia habari hiyo alipiga simu kwa ukali. Tangu tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka na kuua watu wawili, yeye haziamini tena nyumba za zamani. Kama jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883 limeanguka, alisema, hicho kimlango chenu kina nini? Shauri lake lilikuwa kuukata mlango ncha zake na kuutia bawaba za kujificha, za chuma cha pua, kama alizoziona katika hoteli za huko. Fedha atatuma yeye. Nilikwisha kumkubalia.

"Mwanangu," fundi akaniambia, "huu mlango unazo bawaba za kujificha tangu siku ulipozaliwa."

Akanionyesha. Kila upande una ncha mbili za mbao, moja juu na moja chini, zilizochongwa kutoka katika ubao ule ule wa mlango. Ya juu imeingia katika tundu la kizingiti cha juu, na ya chini imekaa katika tundu la kizingiti cha chini. Mlango unazunguka juu ya ncha zake. Hapana msumari, hapana skrubu, wala hapana pini ambayo mwizi akiwa nje aweza kuigonga ikatoka. Nimeishi na mlango huo miaka hamsini na kitu bila kujua.

Baadaye nilisoma kwamba njia hii ni ya zamani kupita kiasi. Milango mikubwa ya Balawat, ya wafalme wa Ashuru wa karne ya 9 kabla ya Kristo, iliyofukuliwa mwaka 1878, ilizunguka hivyo hivyo, ncha ya chini ikiwa juu ya jiwe. Huku kwetu, Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, aliisifu milango ya Kilwa kwa nakshi na ustadi wa useremala wake. Si ajabu. Watu wa pwani hii ndio waliokuwa wakiunda mitepe, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba ya nazi bila msumari. Naamini walikwisha kuifahamu kutu vizuri, wakaamua kutobishana nayo.

Kubishana nayo kumekuja juzi tu. Huko Essen, Ujerumani, mwaka 1912, Benno Strauss na Eduard Maurer wa kiwanda cha Krupp walipata chuma chenye kromi na nikeli. Mwaka uliofuata, Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, aliyekuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisichoharibika upesi, alikuta mchanganyiko wake wenye kromi kiasi cha asilimia 13 haushambuliwi na asidi. Siri yake ni nyepesi: kromi ikikutana na hewa hufanya utando mwembamba usioonekana, na utando huo ukikwaruzwa hujifunga tena wenyewe. Adui yake mkubwa ni chumvi, ambayo huutoboa vitundu vitundu. Kwa hiyo aina ya kawaida, yenye kromi asilimia 18 na nikeli 8, inayoitwa 304, hufaa bara. Karibu na bahari hutakiwa ile ya 316, iliyoongezwa molibdeni kidogo. Hata hiyo si malaika. Isipofutwa chumvi, hufanya madoa ya rangi ya chai.

Basi kwa kabati nilinunua upya, safari hii sumaku ikiwa mfukoni. Bawaba zangu za zamani ziliivamia sumaku kwa pupa: zilikuwa chuma cha kawaida kilichopakwa nikeli. Za 304 na 316 haziivuti, au huivuta kidogo sana, ila sumaku haiwezi kukwambia ipi ni ipi. Hapo lazima utazame maandishi. Tazama na springi ya ndani, maana wengine hutengeneza mwili wa chuma kizuri na springi ya chuma duni. Bawaba hizi za kabati hukaa katika shimo la duara la milimita 35 nyuma ya mlango, na zina mikono ya namna tatu, kwa mlango unaofunika ukingo wote wa kabati, unaofunika nusu, au unaoingia ndani. Ukikosea mkono, mlango haufungiki, na duka halirudishi fedha. Fundi alinilazimisha pia kutupa ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi. Ukinywa maji, alisema, hakuna skrubu itakayoushika.

Mlango mkubwa nao ulikuwa wamngoja msumeno. Nilimwuliza kwa nini asikate tu, maana bawaba za 316 zenye nguvu zipo. Akasema mlango wenye bawaba unaning'inia, uzito wake wote unazivuta skrubu za juu zitoke. Mlango wenye ncha umesimama, uzito unashuka kizingitini. Na ili kuzificha bawaba zenyewe ingebidi atoboe mashimo marefu katika miimo yenye nakshi.

Nilimpigia mdogo wangu. Tuligombana, nisifiche. Mwishowe akasema, fanya utakalo, lakini mama akifungiwa tena usinipigie simu.

Fundi na wanawe wawili wakauinua mlango. Tundu la chini lilikuwa limejaa mchanga na mafuta yaliyoganda, na ncha imelika zaidi ya nusu. Akaunga ncha mpya ya mvule, akalisafisha tundu, akaweka chini yake kipande kidogo cha chuma cha 316. Kazi ilichukua siku mbili.

Mama akausukuma kwa mkono mmoja. Ukaenda mpaka ukutani bila sauti. Akaurudisha, akausukuma tena, kisha akanigeukia kwa uso wa mashaka.

"Mbona haulii?" akaniuliza. "Sasa nitajuaje kama umerudi?"