Paja la Mtumwa, Ubongo wa Bwana

Ijumaa ya 15 Januari 1988, siku aliyozaliwa Martin Luther King, ripota wa televisheni Ed Hotaling aliingia na kamera katika mgahawa wa Duke Zeibert jijini Washington. Wakati wa chakula cha mchana mgahawa huo ulikuwa ukijaa wanasiasa na watu wa michezo, naye alitaka kuwauliza wakubwa hao watu weusi wamefika wapi katika michezo ya Marekani. Mmoja wa aliowakuta alikuwa Jimmy Snyder, ambaye nchi nzima ilimwita Jimmy the Greek.

Snyder, mtoto wa wahamiaji wa Kigiriki wa Ohio, alijipatia jina Las Vegas kwa kukadiria nani atashinda na kwa tofauti gani, makadirio ambayo wacheza kamari waliyangoja kabla ya kutoa pesa mfukoni. Kwa miaka 12 kituo cha televisheni cha CBS kilimweka katika The NFL Today, kipindi kilichotangulia mechi za Jumapili za NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani. Wikiendi hiyo alikuwa Washington kikazi, kwani timu ya mji ilikuwa inakutana na Minnesota kuamua nani aende Super Bowl, fainali ya ligi hiyo.

Jibu alilotoa lilimshtua kila aliyelisikia. Mchezaji mweusi, alieleza, anamzidi mzungu tangu mwanzo kwa sababu amezalishwa awe hivyo. Enzi za utumwa bwana alimkutanisha mwanamume wake mkubwa na mwanamke wake mkubwa ili apate mtoto mkubwa. Mapaja ya weusi ni manene na yanapanda hadi mgongoni, ndiyo maana wanaruka juu na kukimbia kasi. Wazungu, kwa maoni yake, ni wavivu. Kisha akaongeza la pili: weusi wakichukua na kazi za ukocha, kama watu walivyokuwa wakidai, wazungu hawatabakiwa na kitu.

Kesho yake kibarua kikaota nyasi. CBS ilimfukuza bila kungoja mechi ya Jumapili. Snyder aliomba radhi, na Irv Cross, mchambuzi mweusi aliyekaa naye studio miaka yote hiyo, alisema yule wa kwenye kanda hakuwa Jimmy aliyemfahamu. Huenda alisema kweli. Ukiisikiliza kanda ile unasikia mtu anayedhani anasifu.

Sifa ya namna hiyo ina historia ndefu, na Snyder hakuibuni. Kwa zaidi ya miaka 100 waandishi na watangazaji wa michezo wamekuwa wakimngoja mshindi apatikane kwanza, kisha wakimtafutia asili inayoeleza kwa nini ilikuwa lazima ashinde. Mshindi akibadilika, asili nayo inabadilishwa.

Tarehe 26 Desemba 1908, jijini Sydney, Jack Johnson alimtwanga Tommy Burns na kuwa bondia mweusi wa kwanza kushika ubingwa wa dunia wa uzito wa juu. Miongoni mwa waandishi waliokaa kando ya ulingo alikuwamo Jack London, mwandishi wa riwaya, aliyetumwa na gazeti la New York Herald. Ripoti yake iliishia kwa kumsihi James Jeffries, bingwa mstaafu aliyekuwa shambani kwake, arudi kulifuta tabasamu la Johnson. Jeffries alirudi. Kabla ya pambano lao la Reno, Nevada, 4 Julai 1910, kurasa za michezo zilijaa utabiri kwamba Johnson angenywea raundi zikizidi, kwani mtu mweusi, waliandika, hana moyo wa kustahimili. Johnson alimpiga Jeffries hadi pambano likasimamishwa raundi ya 15. Ghasia zikazuka katika miji mingi na watu wakauawa, na mwaka 1912 Bunge la Marekani likapiga marufuku kusafirisha filamu za ngumi kutoka jimbo hadi jimbo.

Mwaka 1910, basi, mweusi hakuwa na pumzi wala moyo. Hakuna aliyetaja mapaja.

Miaka ya 1930 mchezo wa kikapu katika miji ya mashariki ya Marekani ulikuwa mikononi mwa vijana wa Kiyahudi. Timu ya SPHAs ya Philadelphia ilitamba, na kikapu cha kwanza kabisa katika historia ya ligi ambayo leo ni NBA kilifungwa na Ossie Schectman, Myahudi wa New York, tarehe 1 Novemba 1946. Paul Gallico, aliyekuwa mhariri wa michezo wa Daily News ya New York, alikuwa na maelezo tayari katika kitabu chake cha mwaka 1938: kikapu kinamfaa Myahudi kwa kuwa ni mchezo wa hila, wa kukwepa na kughilibu, na hayo, kwa madai yake, yamo katika damu ya watu wa Mashariki. Vijana weusi walipokuja kuutawala mchezo huohuo, kikapu kiligeuka ghafla kuwa mchezo wa kuruka. Hila haikutajwa tena.

Riadha nayo ilipata maelezo yake baada ya Jesse Owens kutwaa medali 4 za dhahabu Berlin mwaka 1936. Dean Cromwell, aliyekuwa kocha msaidizi wa kikosi cha Marekani huko Berlin, aliandika mwaka 1941 kwamba mweusi anang'ara katika mbio na miruko kwa kuwa yuko karibu zaidi na maisha ya porini, ambako si zamani sana kukimbia na kuruka kulikuwa ndiko kupona. Wengine walishika mifupa: Mwafrika, walidai, ana kisigino kirefu na mashavu ya mguu ya aina yake. Mtu mmoja aliona heri kupima kuliko kubisha. William Montague Cobb, daktari mweusi aliyefundisha anatomia katika Chuo Kikuu cha Howard, alimpima Owens miguu. Katika makala aliyoichapisha mwaka huohuo wa 1936 alionyesha kwamba shavu la mguu, unyayo na mfupa wa kisigino wa mwanariadha yule havikufanana na vile vilivyosemwa kuwa vya mtu mweusi. Bingwa mwenyewe aliiangusha nadharia iliyojengwa juu ya mwili wake.

Makala ya Cobb ilisomwa na wachache. Hadithi ya Snyder ilikuwa tamu zaidi masikioni, ingawa haihimili hata hesabu ya miaka. Sheria ya Marekani ilikataza kuingiza watumwa kutoka nje kuanzia 1808, na utumwa ukakomeshwa 1865. Katika vizazi vichache hivyo, watu wa asili nyingi tofauti wakichanganyika, haizaliwi aina mpya ya binadamu. Tena mwenye shamba la pamba alitaka vidole vyepesi vya kuchuma kutwa. Hakuwa na haja ya mtu wa kuruka juu. Hata hivyo wazo hilo halikufa na kazi ya Snyder. Mwaka 2012 Michael Johnson, Mmarekani mweusi na bingwa wa Olimpiki wa mita 200 na 400, aliwasilisha filamu ya Channel 4 ya Uingereza iliyojiuliza kama utumwa ndio uliowapa wakimbiaji wa Karibea na Marekani kasi yao.

Afrika Mashariki inaijua sifa hii kwa njia yake. Mwezi Oktoba 1968, mjini Mexico, kwenye mwinuko wa takriban mita 2,240, Naftali Temu alishinda mita 10,000, Amos Biwott akashinda mbio za kuruka viunzi na maji, na Kipchoge Keino akamwacha Jim Ryun wa Marekani kwa karibu sekunde 3 katika mita 1500. Maelezo yaliyovuma nje yalikuwa hewa nyepesi: Wakenya wamezaliwa milimani, wamekimbia nyumbani kwao. Waliosema hivyo walisahau kwamba mwaka 1965 Keino alikuwa ameweka rekodi za dunia za mita 3000 na 5000 huko Helsingborg na Auckland, miji ya pwani. Walisahau pia mzunguko wa kwanza wa fainali ile ya mita 1500. Ben Jipcho, Mkenya mwenzake, alichomoka mbele kwa kasi ya kujichosha, akaupita mzunguko kwa sekunde 56 hivi, ili Keino aongoze mapema na umaliziaji mkali wa Ryun usimfae kitu. Jipcho alijitoa mhanga, Keino akatwaa dhahabu kwa dakika 3 na sekunde 34.9. Ule ulikuwa mpango wa watu wawili waliomsoma mpinzani wao, na katika masimulizi ya wageni ukamezwa na milima.

Suala la nani anasifiwa kwa kufikiri lilikuwa limelipuka miezi tisa kabla ya chakula kile cha Washington. Tarehe 6 Aprili 1987 kipindi cha Nightline cha ABC kiliadhimisha miaka 40 tangu mchezaji mweusi Jackie Robinson auvunje mwiko wa rangi kwa kuingia ligi kuu ya besiboli. Mgeni alikuwa Al Campanis, meneja mkuu wa Los Angeles Dodgers, aliyewahi kucheza na Robinson huko Montreal mwaka 1946. Mtangazaji Ted Koppel alimuuliza kwa nini hakuna mameneja weusi. Campanis alijibu kwamba pengine hawana baadhi ya mambo yanayohitajika kwa kazi hiyo. Koppel alimpa nafasi ya kujirekebisha, naye akazidi kuzama: akahoji mbona weusi si waogeleaji wazuri, akajijibu kwamba hawaelei. Siku mbili baadaye alijiuzulu.

Ukiziweka pamoja kauli za Campanis na Snyder, zinakamilishana. Mmoja alisema mweusi hana kichwa cha kuongoza, mwingine akasema ana mapaja ya kumtosha. Wakati huo NFL haikuwa na kocha mkuu mweusi hata mmoja. Tangu Fritz Pollard wa miaka ya 1920 hakuwa ametokea mwingine.

Jumapili iliyofuata kufukuzwa kwa Snyder, Washington iliifunga Minnesota ikaenda Super Bowl ikiongozwa na Doug Williams. Yeye alicheza nafasi ya kwotabeki, yaani yule anayepokea mpira, anayeisoma safu ya ulinzi kwa sekunde chache na kuamua amrushie nani. Kwa muda mrefu makocha waliwahamisha vijana weusi kutoka nafasi hiyo kwenda zile za kukimbia, wakidai haiwafai. Williams, kijana wa Chuo cha Grambling, alikuwa kwotabeki mweusi wa kwanza kuanza mechi ya Super Bowl. Inasimuliwa kwamba mwandishi mmoja alimuuliza amekuwa kwotabeki mweusi kwa muda gani. Waliokuwapo wameeleza kwamba swali halikuulizwa hivyo, lakini kisa kilisambaa kwa kuwa kiliaminika kwa urahisi.

Tarehe 31 Januari 1988, huko San Diego, Denver iliongoza 10-0. Williams aliteguka goti, akatoka, akarudi. Katika robo ya pili pekee alirusha pasi 4 za kufunga na Washington ikapata pointi 35. Mechi iliisha 42-10, naye akatajwa mchezaji bora. Zilikuwa zimepita siku 16 tangu mgahawa wa Duke Zeibert.

Mikasa ya namna hiyo ilikuwapo kabla na baada ya hapo, na baadhi ya wahusika walijiona ni marafiki wa watu weusi. Mtangazaji Howard Cosell, aliyemtetea Muhammad Ali wakati wengi walimkimbia, tayari mwaka 1983 alikuwa amemwita mchezaji mweusi Alvin Garrett tumbili mdogo katikati ya matangazo. Alijitetea kwamba aliwahi kumwita hivyo na mzungu. Ron Atkinson alikuwa kocha wa West Bromwich Albion miaka ya 1970 alipowapanga pamoja Cyrille Regis, Laurie Cunningham na Brendon Batson, jambo geni Uingereza wakati ule. Aprili 2004, akiwa sasa mchambuzi wa televisheni, baada ya mechi ya Monaco na Chelsea alimtukana Marcel Desailly, beki mweusi wa Chelsea, kwa neno la kibaguzi akidhani kipaza sauti kimezimwa. Uingereza hawakusikia. Watazamaji wa Mashariki ya Kati walisikia, na kesho yake Atkinson akaachana na ITV. Septemba 2019 nchini Italia, mzee Luciano Passirani, mchambuzi wa televisheni, alikuwa akimmwagia sifa Romelu Lukaku, Mbelgiji mwenye wazazi kutoka Kongo, alipoongeza kwamba njia pekee ya kumzuia ni kumpa ndizi 10. Kituo kilimwondoa palepale.

Matusi ya wazi hupata adhabu upesi. Ile sifa ya kila Jumamosi, ya nguvu kwa huyu na akili kwa yule, ndiyo haina mtu wa kufukuzwa. Mwaka 2020 kampuni ya RunRepeat, pamoja na chama cha wachezaji wa kulipwa cha Uingereza, ilichambua kauli 2,073 za watangazaji wa Kiingereza katika mechi 80 za ligi za Uingereza, Italia, Hispania na Ufaransa. Uwezekano wa mtangazaji kutaja nguvu ulikuwa mara 6.59 zaidi mchezaji akiwa na ngozi nyeusi zaidi, na kutaja kasi mara 3.38. Sifa za akili zilikwenda kwa wenye ngozi nyeupe zaidi kwa asilimia 62.60. Jason Lee, mshambuliaji wa zamani aliyesimamia masuala ya usawa katika chama hicho, aliliunganisha jambo hilo na ajira: anayeitwa mwerevu kila wiki hutangulia wenzake siku anapoomba kazi ya ukocha.

Hapo ndipo kauli ya pili ya Snyder ilipolenga. Art Shell, mweusi, aliajiriwa na Raiders kuwa kocha mkuu Oktoba 1989, na mwaka 2007 Tony Dungy akawa kocha mkuu mweusi wa kwanza kutwaa Super Bowl. Tarehe 12 Februari 2023, kwa mara ya kwanza, makwotabeki wote wawili walioanza Super Bowl walikuwa weusi: Patrick Mahomes wa Kansas City na Jalen Hurts wa Philadelphia. Kansas City ilishinda 38-35. Makocha wakuu wa pande zote mbili, Andy Reid na Nick Sirianni, walikuwa wazungu.