Safari ya Makerere: Jinsi Tulivyompeleka Mwenzetu Kwenye Mahafali ya Mwanawe

Katika kitabu hiki cha miaka kumi mtakuta habari za hisa, mikopo na mradi wetu wa viti vya kukodisha. Sisi tuliopewa kazi ya kuandika historia tumeona tusirudie mahesabu, maana mhazini ameyapanga vizuri kuliko ambavyo sisi tungeweza. Tumechagua jambo moja, lile ambalo nusura lituvunje, na ambalo hadi leo tukikutana pale mnadani pwani lazima mtu alitaje. Nalo ni safari ya Kampala ya Januari 2025.

Tuanze nyuma kidogo. Kabla ya mwaka 2015 wengi wetu tulikuwa kwenye upatu. Upatu ni mzuri, lakini unategemea kijumbe, na kijumbe wetu alihama mtaa usiku na fedha za watu tisa. Waliobaki na machungu ndio walioanzisha kikundi hiki, akina mama 22, wauza samaki, wagonga kokoto wa Mtongani na wawili wenye genge. Tukanunua kisanduku chenye kufuli tatu, funguo zikashikwa na watu watatu tofauti, na mwenye kisanduku hana hata mmoja. Utaratibu huo haukubuniwa Kunduchi. Vikundi vya namna hii vilianza Niger mwaka 1991 miongoni mwa akina mama wa vijijini, vikaenea Afrika nzima, na hapa kwetu watu wakaviita vikoba. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilipotoka, nasi tukaandikishwa kama wengine, tukawa na katiba yenye muhuri.

Sasa hiyo katiba ndiyo iliyoleta vita. Imeandikwa kwamba mfuko wa jamii utasaidia mambo matatu: ugonjwa, uzazi na msiba. Neno mahafali halimo.

Mwenzetu ambaye habari hii ni yake anakaanga samaki. Anaamka saa kumi usiku, anawahi ngalawa zinapoingia, ananunua kwa ndoo, na ikifika saa nne asubuhi ameshakaa na karai lake kando ya barabara. Mumewe alifariki binti yao akiwa darasa la tano. Binti alipopata nafasi ya kusomea uuguzi Chuo Kikuu cha Makerere, mjomba wake alibeba nusu ya ada, nusu ikabebwa na karai. Na pale karai liliposhindwa, kilibeba kisanduku chetu: mara tatu alikopa kwa ajili ya ada, mara mbili akarudisha kwa wakati.

Ya tatu ndiyo ilikuwa haijaisha pale binti alipotuma ujumbe: "Mama, tarehe zimetoka. Nina kadi mbili za wageni. Usipokuja sitavaa joho."

Akatusomea ujumbe ule mkutanoni, kisha akanyamaza. Hakuomba kitu. Ni sisi tulioanza kelele.

Mmoja wetu, mwanachama mwanzilishi, mtu mzima tunayemheshimu, alisimama akasema maneno tunayoyaandika hapa kama yalivyo, kwa sababu tulikubaliana historia hii isipakwe sukari. Alisema: "Jamani, mimi nilizika mtoto kwa mfuko huu. Fedha hii ni ya sanda. Leo mnataka iende kuangalia joho? Tena mwenye deni, anasafirije mwenye deni?" Pakawa kimya. Hakuna aliyeweza kumwambia amekosea, maana katiba ilikuwa upande wake, na deni lilikuwepo kweli.

Wengine wakasema picha zitatumwa kwenye simu, kuna haja gani. Hapo ndipo bibi mmoja, mkubwa kuliko sote, aliposimulia kwamba zamani mtoto akienda Makerere alikuwa kama ameingia kisimani. Unasikia sauti tu. Tulirudi nyumbani tukawaza sana maneno yale, na baadaye tukauliza waliosoma watueleze chuo chenyewe kina historia gani. Tuliyoyasikia tunayaweka hapa kwa ajili ya watoto wetu.

Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, wanafunzi 14, wote wanaume, wakijifunza useremala, ujenzi na umekanika. Wakati huo kauli mbiu yao ilikuwa inahimizana kuwa wanaume. Mwaka 1945 wakapokelewa wasichana sita, na kauli mbiu ikabidi ibadilishwe, ikawa ni kujenga kwa ajili ya siku zijazo. (Tulipoisikia habari hii mkutanoni tulicheka mpaka mlinzi akaja kuangalia.) Mwalimu Nyerere alikuwa pale kuanzia 1943 hadi 1945 akichukua stashahada ya ualimu, na mwaka 1949 akaenda Edinburgh, akarudi 1952 na shahada. Miaka ile hapakuwa na chuo kikuu nchini kwetu. Kijana wa Tanganyika aliyetaka shahada alikuwa hana budi kuvuka mpaka au bahari. Kenya mwaka 1959, Tom Mboya na wenzake walijaza ndege nzima, wanafunzi 81, kwenda Marekani, na familia nyingi zilichanga na kuuza mifugo ili mtoto apande. Chuo chetu cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU pale Lumumba, nacho kwa wanafunzi 14, wa sheria, akiwemo mwanamke, Julie Manning, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Sheria. Kuanzia 1963 Dar, Nairobi na Makerere vilikuwa chuo kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, hadi mwaka 1970 kila nchi ilipochukua chake.

Basi hapo utaona, watoto walikwenda siku zote kwa michango ya watu. Mama ndiye aliyekuwa anabaki.

Mkutano wa pili ulikaa saa tatu. Tukafikia hivi: mfuko wa jamii usiguswe hata senti. Mwenzetu alipe nusu ya deni lake kabla ya kuondoka, na nusu iliyobaki wanachama wawili wamdhamini kwa hisa zao. Safari yenyewe ichangwe nje ya kisanduku, kila mtu kwa moyo wake, na daftari la mchango liwe tofauti. Kura zilikuwa 17 za kukubali na 11 za kukataa. Wengine wakachanga elfu mbili, wengine elfu ishirini. Wagonga kokoto walileta mchango wao kwa pamoja kwenye mfuko wa nailoni, sarafu tupu, ikatuchukua muda kuzihesabu.

Fedha ikapatikana, kumbe kazi bado. Mwenzetu alizaliwa nyumbani, hana cheti cha kuzaliwa. Pasi ya kusafiria ni shilingi 150,000, na bila cheti huendi mbali. Akaenda serikali ya mtaa kuchukua barua, akaenda kuapa kiapo, akarudishwa kwa sababu herufi moja ya jina la baba ilipishana na kitambulisho cha taifa, akaenda tena. Siku nne karai halikuwashwa. Wenzake wa jirani wakawa wanamkaangia na kumpelekea fedha jioni, kila mmoja siku yake. Hilo halimo kwenye daftari lolote, kwa hiyo tunaliandika hapa.

Halafu chanjo ya homa ya manjano, ambayo lazima uchome siku kumi kabla ya safari. Mwenzake wa safari, ambaye ni Mhaya na alikuwa ameshawahi kwenda Kampala, yeye alitoa kadi yake ya zamani. Siku hizi chanjo moja inatosha maisha yote. Sanduku liliazimwa. Viatu viliazimwa, vikamkaza. Kitenge alishonewa na fundi wetu bure, na lile gauni tunalo kwenye picha ukurasa wa katikati.

Waliondoka alfajiri. Bajaji mbili za wasindikizaji zilipita njia ya Goba mpaka stendi ya Magufuli pale Mbezi, na tuliimba mpaka kondakta akatuomba tushuke. Walichagua njia ya Bukoba, zaidi ya kilomita 1,300 kutoka Dar, kwa sababu yule Mhaya ana dada yake kule, na mahali pa kulala bure ni mchango pia. Basi liliharibika njiani, tairi kwanza, kisha kitu cha injini, wakakesha kwenye mji ambao hawakupata hata kuujua jina. Mwenzetu anasema usiku ule alijuta kabisa. Alihesabu karai, deni, wadhamini wake wawili, akaona amewatia watu hasara kwa ajili ya kupiga makofi.

Dada wa Bukoba aliwapokea na senene na ndizi, akawaambia wasikawie. Walivuka mto Kagera pale Kyaka, ambapo daraja lilivunjwa wakati wa uvamizi wa Idi Amin mwaka 1978. Mpakani Mutukula, mahali ambapo majeshi yetu yaliingilia Uganda Januari 1979, leo unagonga muhuri na kuonyesha kadi ya chanjo tu. Mwenzetu ana kaka aliyepigana vita ile. Alituambia alisimama pale kidogo, akatazama malori ya mizigo yamepanga foleni, akashindwa kulinganisha na yale aliyosimuliwa. Wabadilisha fedha wakamzunguka. Shilingi yetu moja ilikuwa karibu moja na nusu ya kwao. Kijana mmoja akamhesabia haraka haraka, noti mbili zikapungua. Mhaya akazihesabu tena kwa sauti, kwa Kihaya, na yule kijana akakumbuka noti zilikuwa zimeganda mfukoni.

Kampala walifika usiku. Binti alikuwa anawasubiri kituoni, na hatutaandika jinsi walivyokutana, kwa sababu mwenyewe alituomba tusiandike.

Yalikuwa mahafali ya 75 ya Makerere, na wahitimu walizidi 13,000, kwa hiyo waligawanywa kwa siku. Jengo kuu jeupe, lililoungua Septemba 2020, lilikuwa limekwisha jengwa upya na kufunguliwa miezi michache tu kabla. Wageni walikaa kwenye mahema uwanjani. Akina mama wa Kiganda walikuwa wamevaa gomesi zao zenye mabega yaliyosimama, na mwenzetu akaona kitenge cha Kunduchi hakijaaibika. Ila hakuona kitu kingine. Majoho yote ni meusi, kofia zote ni moja, na hema lao lilikuwa nyuma. Kundi la wauguzi lilipoambiwa lisimame akasimama naye, akiangalia huku na huku. Mwishowe alimtambua kwa mkao wa shingo. "Anasimama kama baba yake," alituambia. Akapiga kigelegele peke yake, cha pwani, watu wakageuka.

Baada ya sherehe binti alivua joho akamvisha mama yake. Ndiyo picha tuliyonayo.

Alirudi Jumatano, Alhamisi saa kumi usiku alikuwa pwani na ndoo. Deni lilikwisha mwezi wa Aprili, wiki moja kabla ya tarehe. Wadhamini wakarudishiwa haki ya hisa zao. Katiba tumeirekebisha, sasa kuna mfuko wa elimu na safari, unaochangwa shilingi 500 kila mkutano, na hauruhusiwi kukopa kutoka kwenye mfuko wa msiba.

Yule mwanachama mwanzilishi aliyepinga hakungoja marekebisho hayo. Alichukua hisa zake mwezi wa Februari akatoka, kwa amani, lakini alitoka. Tulimwomba, hakurudi. Watu wa nje walisema tumemfukuza. Si kweli, na tunaomba isisemwe tena. Swali lake la kuhusu sanda lilikuwa la haki, na ni kwa sababu yake mfuko ule hatukuugusa. Anauza dagaa meza ya tatu kutoka mlango wa soko. Mwenzetu huwa anampitia asubuhi wakanywa chai, na nakala moja ya kitabu hiki tumempa yeye ampelekee.