Mtoto Mzito wa Kujifunza: Haki Zake na Wajibu Wetu

Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W).

Katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba yumo mtoto ambaye wenzake wa chuoni wameshakhitimu juzuu, naye bado anachanganya herufi. Tusiharakie kumwita mvivu, wala kudhani amepagawa. Huenda ana disleksia, hali inayofanya kusoma maandishi kuwe kugumu ilhali akili yake ni nzima. Mwengine ana usonji, au ulemavu wa akili aliozaliwa nao.

Ibada zake

Hapa ni lazima tutofautishe. Mwenye akili timamu, hata kama hajui kusoma, akibaleghe sala na funga ni fardhi juu yake. Basi tumfundishe kwa kusikia na kukariri, kwani Masahaba wengi waliihifadhi Qur'ani kwa masikio. Imepokewa na Bukhari na Muslim kuwa anayeisoma kwa kubabaika na kwa tabu ana ujira mara mbili. Aliyeshindwa kabisa kujifunza Al-Fatiha, katika madhehebu ya Shafi husoma aya saba nyengine. Akishindwa, huleta dhikri. Akishindwa, husimama kwa kadiri ya Fatiha. Ama asiye na akili ya kupambanua, kalamu imeondolewa juu yake, na hana dhambi kwa kuacha sala.

Mali yake

Kuondokewa na wajibu si kuondokewa na haki. Fungu lake la mirathi ni kamili. Walii wake humtunzia, humlisha na kumvisha kwa mali hiyo, na kwa Mashafi humtolea zaka ikifika nisabu.

Nyumbani

Mtume (S.A.W) alikataa kushuhudia zawadi aliyopewa Nu'man bin Bashir bila ya nduguze, akaamrisha uadilifu baina ya watoto. Kwa hiyo tusimfiche mtoto wageni wakija, wala tusimwache nyuma siku ya Idi. Mama asilaumiwe, wala asiachiwe mzigo peke yake. Malezi ni amana ya wazazi wote wawili.

Tumpeleke hospitali, na tuanze kwa kumpima macho na masikio, kwani asiyesikia vizuri hudhaniwa mzito. Kisha tukae na mwalimu wa skuli na maalim wa chuoni, wamjue na wamwendeshe kwa mwendo wake. Kumsomea ruqya ni jambo jema, lakini hakutuondolei wajibu wa kumtafutia tiba na mafunzo.

Wallahu aalam.